Mwongozo kamili wa mhudumu mpya: kusindikiza familia za watoto wenye usonji, kifafa na ugumu wa kujifunza mjini Goma (Kongo)

Mama anayebisha hodi kwa mara ya kwanza hafiki mapema. Mtoto ana miaka 5 au 6, bado anabebwa mgongoni ndani ya kitenge ingawa miguu inakaribia kugusa mawe, na nyinyi si wa kwanza. Amekwisha kupita kwenye chumba cha maombi, kwa mganga wa dawa za miti, kwenye kituo cha afya, na kwa shangazi fulani aliyesema anajua. Kila mahali alilipa, na kila mahali aliahidiwa. Ndiyo maana jambo la kwanza la kujifunza katika kazi hii ni kutoahidi. La pili ni hesabu: mama anakaa na mtoto saa 24, wewe utamwona saa moja kwa juma. Kile ambacho hawezi kukifanya mwenyewe, akiwa na mbabula (jiko la makaa), bidoni (madumu) za maji na watoto wengine wanne, hakitafanyika. Pima kila hatua iliyo hapa chini kwa hesabu hiyo.

Maneno

Usonji, ambao wengi mjini wanauita otisimu kwa mazoea ya Kifaransa, si ugonjwa wa kuambukiza wala matokeo ya chanjo. Ni namna ubongo ulivyojengeka tangu mwanzo: mtoto anasikia, anaona, anagusa na anazungumza na watu kwa njia yake. Pamoja na usonji mtapokea watoto wasiotulia hata dakika mbili, watoto wenye akili nzuri lakini herufi zinawachanganya (disleksia), watoto wa trizomi 21 (hali ya Down), na wale waliopata jeraha la ubongo kwa kuchelewa kulia wakati wa kuzaliwa, kwa manjano kali ya siku za kwanza, kwa malaria ya kichwa au kwa meninjiti. Kifafa mara nyingi kinaandamana na hali hizi.

Mama atasema "bubu", "kizuzu", "kichwa haiko sawa". Usimsahihishe siku ya kwanza. Andika maneno yake kama yalivyo, kwa sababu yanakuonyesha alikopita na alichoambiwa huko. Wewe tumia jina la mtoto, na mama mwite Mama Fulani kwa jina la mtoto huyo huyo, si la kaka yake mkubwa anayesoma vizuri. Wengi hawajawahi kuitwa hivyo na mgeni.

Kabla ya kusaini

Mashirika mengi yanayofanya kazi hii ni asbl (mashirika yasiyo ya faida), chini ya sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Kabla ya kusaini mkataba, hata wa volonteri, uliza nani anakusimamia na mnakutana mara ngapi, kanuni ya ulinzi wa watoto iko wapi, faili zinafungiwa wapi na ufunguo uko kwa nani, na nani analipa motari (pikipiki ya abiria) ukitumwa mitaa ya Mugunga au Bujovu. Hili la mwisho linaonekana dogo. Lakini mhudumu anayelipa transpoti kwa mfuko wake huanza kutembelea familia za karibu tu, kisha anaandika ripoti kwamba zile za mbali "hazikupatikana".

Kanuni ya ulinzi ikiwa haijaandikwa, iandikeni kabla ya kumpokea mtoto yeyote. Ukurasa mmoja unatosha: hakuna mhudumu kubaki na mtoto peke yake nyuma ya mlango uliofungwa; hakuna kumpeleka mtoto kwako; hakuna kukopesha wala kukopa kwa familia; hakuna picha kwenye simu binafsi. Picha ya mtoto akilia au akijigonga haipigwi kabisa, hata mfadhili akiiomba kwa upole.

Tembea na fotokopi ya sheria ya tarehe 3 Mei 2022, namba 22/003, inayolinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Direktere wa shule na shefu wa avenyu (mtaa) wengi hawajaiona. Karatasi mkononi ina uzito ambao hotuba haina.

Mapokezi: dakika 45, si zaidi

Kabla mama hajaketi, tandika mkeka na uweke vitu vinne: kifuniko cha bidoni, kipande cha kitambaa laini, chupa ndogo ya plastiki yenye maharagwe 10 iliyofungwa imara kwa skochi (utepe wa gundi), na vijiti vichache. Usimpe mtoto kitu mkononi. Mwache achague, nawe uangalie huku ukiongea na mama: anamwangalia mama akishituka? Anamwonyesha alichokipata? Anageuka ukiita jina lake, au anageuka tu anaposikia karatasi ya biskuti ikifunguliwa? Anazungusha kifuniko kwa dakika ngapi?

Mpangilio wa maswali una maana. Ukianza na "tatizo ni nini?" mama atakuwa kama yuko mbele ya hakimu. Anza na anachokipenda mtoto. Halafu siku yao ya jana, tangu kuamka hadi kulala, saa kwa saa. Historia ije mwisho: ujauzito, kama alilia mara tu alipozaliwa, homa kubwa, alipoketi, alipotembea, neno la kwanza. Kuna mawili yanayosahaulika mara kwa mara. Uliza kama kuna maneno aliyokuwa nayo akayapoteza, na lini. Na kuhusu kifafa usiulize tu "anaanguka?"; uliza pia kama huwa anakodoa macho kwa sekunde chache bila kusikia chochote, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Wazazi huita hiyo "kuwaza", na hawaihesabu.

Usitoe jina la hali. Kuna orodha ya maswali 20 inayoitwa M-CHAT-R inayotumika sehemu nyingi za dunia, lakini imetengenezwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, na ni chujio tu: inakuambia nani achunguzwe zaidi. Kumjazia mtoto wa miaka 6 fomu hiyo na kumwambia baba "amepata alama 11, ni otisti" ni kosa mara mbili. Mwambie mama hivi: "Jina la hali yake tutalitafuta pamoja na daktari. Sisi tutaanza na jambo moja linalowachosha nyumbani."

Nani aende hospitali kwanza

Mtoto asiyesema apimwe masikio kabla ya mengine yote. Masikio yanayotoa usaha mara kwa mara yanapunguza usikivu, na mtoto asiyesikia anaweza kuonekana kama mwenye usonji kwa miaka. Kupiga makofi nyuma yake hakutoshi, kwa sababu anahisi upepo na anaona kivuli.

Wa miezi 6 hadi miaka 5 mpime mkono kwa utepe wa rangi. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kati ya 115 na 125 ni wa wastani. Watoto wenye usonji wengi wanachagua chakula kwa rangi au kwa jinsi kilivyo mdomoni, na mtoto anayekula ugali mkavu peke yake, akikataa sombe, maharagwe na sambaza, anaweza kuonekana mnene usoni huku damu yake imepungua.

Kwa kifafa, mjini watu wanakijua kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu. Hospitali kubwa pia hupokea. Kazi yako ni kuhakikisha mambo matatu. Kwanza, dawa haikatizwi ghafla: kuacha fenobarbitali kwa siku chache, iwe kwa kukosa pesa au kwa sababu ya mfungo wa maombi, kunaweza kuleta degedege refu la hatari. Pili, dawa hiyo hiyo inaweza kumfanya mtoto awe na vurugu au hasira. Ukiona amebadilika tangu alipoanza, andika tarehe na umwambie muuguzi, usimwambie mama aache. Tatu, watu wote wa nyumbani wajue la kufanya akianguka: mwondolee mawe na mbabula pembeni, mlaze ubavu, weka kitenge chini ya kichwa, angalia saa. Usitie kijiko wala kidole mdomoni, usimpe maji, usimshike kwa nguvu. Ikipita dakika 5, au akianza tena kabla hajaamka, ni hospitali. Mate yake hayaambukizi. Sema hilo mara mbili, mbele ya jirani, kwa sababu ni hofu ya mate inayofanya mtoto aachwe peke yake karibu na moto.

Ziara ya nyumbani

Hapa ndipo kazi ilipo. Ofisini mtoto ni mgeni. Nyumbani utaona kile ambacho mama hakukitaja kwa kuwa amekizoea.

Piga simu siku moja kabla. Usifike na gari lenye bendera ya shirika ikiwa kuna njia nyingine: baada ya nusu saa avenyu nzima itajua kuna "mtoto wa wazungu" na watu wa kukopa watakuwa mlangoni. Fika kwa mguu au kwa motari, bisha hodi, msalimie kwanza mkubwa wa nyumba. Mara nyingi ni nyanya. Yeye ndiye atakayeamua, ukiwa umeondoka, kama ulichosema kina maana.

Ziara ya kwanza usifundishe kitu. Kaa mahali unapoona mlango, mbabula na mtoto kwa pamoja, na uandike unachokiona, si unachofikiri. "Ana fujo" haisaidii mtu. Hii inasaidia: "Saa 4:10. Dada anamimina maji kutoka bidoni hadi sufuria. Anasimama, anaweka sikio karibu na maji, anacheka. Maji yanaisha. Anavuta bidoni, dada anamsukuma. Anapiga kichwa kwenye ubao wa ukuta mara 6. Mama anampa biskuti. Anaacha." Kwa mistari hiyo michache umepata kitu anachokipenda (sauti ya maji), kinachomwasha (maji kuisha bila taarifa), na kinachomfundisha kujigonga (biskuti inayokuja baada).

Mwachie mama daftari la kurasa 32 lenye safu tatu: kabla, tendo, baada. Asiyeandika ampe mtoto mwingine mkubwa amwandikie, au achore alama tu: maji, kelele, njaa, kukataliwa. Siku 3 zinatosha kuanza. Ukiomba juma zima, daftari litarudi limejazwa lote Jumapili usiku kwa kalamu moja.

Badili jambo moja

Mama ataorodhesha kumi. Choo, usingizi, kuuma, kusema, kutoroka, shule. Chagueni moja, na kigezo kiwe hiki: ni lipi likibadilika litampunguzia mama kazi kabla ya mwezi kuisha? Kusema ni muhimu kuliko yote lakini huchukua miaka. Likiwa lengo la kwanza, baada ya wiki 6 familia itakuwa imechoka na wewe.

Tuchukue choo, maana ndilo linalochaguliwa mara nyingi. Goma jiwe la lava haliruhusu kuchimba kirefu, kwa hiyo vyoo vingi vimejengwa vikiwa vimeinuka juu, na ngazi, mbao, giza na shimo. Kwa mtoto mwenye usonji hapo kuna matishio manne kwa pamoja. Anza nje ya choo:

1. Kwa siku 4 andikeni saa anazojisaidia. Wengi huwa na saa zao, hasa dakika 20 hadi 30 baada ya uji.
2. Dakika chache kabla ya saa hiyo, akae kwenye beseni dogo mahali pa wazi lakini pa faragha, kwa dakika 3. Hesabu kwa wimbo uleule kila siku. Asipofanya kitu, ainuke bila maneno.
3. Akifanya, kitu anachokipenda kije hapo hapo, kabla hata ya kumpangusa. Kwa yule mtoto anayependa sauti ya maji, kumiminiwa kikombe kimoja cha maji kutoka bidoni.
4. Kila siku 3 sogezeni beseni mita moja kuelekea choo. Mlangoni subirini zaidi.
5. Ndani, wekeni ubao wenye tundu dogo juu ya shimo, na tochi.

Linaloharibika kwa kawaida ni hatua ya 4: baba anarudi, anaona "mtoto mkubwa anakaa kwenye beseni kama mtoto mchanga", anampeleka kwa nguvu. Kilio kimoja ndani ya choo kinarudisha kazi nyuma wiki mbili. Baba aelezwe kabla ya hatua ya 1, na wewe, si na mama.

Kwa kujigonga, msikimbilie kumzuia. Maji yakikaribia kuisha, dada aonyeshe vidole vitatu, viwili, kimoja, kisha "basi", na ampe mtoto kifuniko ashike. Biskuti isifutwe kabisa kwa siku moja. Ihamishwe, ije *kabla*, pale anapotulia. Tabia huongezeka kidogo siku za kwanza kabla ya kupungua, na usipomwonya mama mapema ataacha siku ya pili.

Kadi za picha

Mtoto asiyesema anahitaji njia ya kuomba. Chukua boksi gumu la sabuni, kata vipande vya sentimita 7 kwa 7. Anza na kadi 4: maji, kula, choo, basi. Chora kitu kimoja kwa kila kadi, kwa kalamu nyeusi nene, bila mapambo. Funika pande zote mbili kwa skochi pana, ukiacha nusu sentimita ya skochi kupita ukingo. Vinginevyo mvua ya msimu itaingia na boksi litavimba. Toboa, pitisha kamba, tundika ukutani kwenye usawa wa macho ya *mtoto*.

Mtoto akitaka maji, mtu wa pili anamshika mkono taratibu kutoka nyuma, anamsaidia kutoa kadi na kumpa mama. Mama anasema "maji" na kumpa maji mara moja. Mara 10 kwa siku kwa wiki moja ni bora kuliko mara 40 siku moja. Msiulize "unataka nini?" kila mara, atazoea kungoja swali.

Kasoro ya kawaida zaidi haina uhusiano na mtoto: kadi ni nzuri, mama anaziweka ndani ya valisi zisichafuke. Tengeneza seti mbili, moja ya hovyo makusudi.

Usimwambie mzazi aache Kinande, Kinyarwanda au Kiswahili ili mtoto "asichanganyikiwe" na Kifaransa cha shule. Lugha mbili hazimdhuru mtoto mwenye usonji. Lugha anayoimbiwa ndiyo ya kuanzia.

Mtoto anayetoroka

Hapa msichelewe hata siku moja. Watoto wengi wenye usonji hutoka bila kuaga, na huenda moja kwa moja kwenye maji. Goma ina ziwa, ina barabara kuu, na upande wa magharibi, kuelekea Lac Vert, Mugunga na Bulengo, ina mazuku: hewa ya kaboni inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni kwa kuwa ni nzito. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, ndiyo saa mbaya, na mtoto kwa kimo chake anaivuta kabla ya mtu mzima. Anayemfuata ndani ya bonde bila kufikiri anaanguka pia.

Tembea na familia mzunguko wa dakika 10 kuzunguka nyumba, mkiorodhesha maji, mabonde na barabara. Fungeni komeo juu ya mlango, nje ya kimo chake, lakini ambalo mtu mzima anaweza kulifungua gizani. Shoneni namba mbili za simu ndani ya kola za nguo zake zote. Jina lisionekane nje, kwa sababu mgeni akimwita kwa jina atamfuata. Majirani watano, wauza karanga wa kona na motari wa paking ya karibu wamjue kwa sura na wajue jinsi ya kumrudisha: kumwita kwa kitu anachokipenda, si kumkimbiza. Akipotea, mtu wa kwanza aende kwenye maji. Nyumba za majirani zitafutwe baadaye.

Kwa kuhama ghafla, mji huu hauhitaji kuelezwa. Nyiragongo ilimwaga lava tarehe 17 Januari 2002 na tena 22 Mei 2021, na ule wa pili watoto wengi walipotezana na wazazi njiani. Kila familia iwe na mfuko mmoja mlangoni: dawa za kifafa za siku 14, kadi, kitambaa chake, chakula kikavu anachokikubali, pamba au vifunika masikio vya mafundi chuma kwa ajili ya milio. Kulala chini risasi zinaposikika kufundishwe kama mchezo, dakika 3 kila jioni, kwa wimbo, siku za utulivu. Siku ya risasi si siku ya kufundisha.

Kikundi cha wazazi

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye kuchelewa kukua: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Ni mfumo mzuri wa kuiga hata bila vitabu vyake vyote. Walezi 8 hadi 10, saa 2 kila kikao, siku isiyo ya soko, na si Jumamosi asubuhi kwa sababu ya salongo (kazi ya pamoja ya usafi). Pangeni mtu wa kukaa na watoto kwenye chumba cha pili, la sivyo kila mama atasikiliza kwa sikio moja.

Kuhusu pesa, tuna msimamo. Rudisha nauli halisi, toa chai na mandazi, basi. Bahasha inaleta watu 30 kikao cha kwanza na 3 pindi mradi unapoisha. Wazazi wakitaka kuanzisha akiba yao, wasaidieni kuandika kanuni lakini msishike kisanduku chao. Na shirika lenyewe liwe na akiba ya mshahara na dawa nje ya benki: tangu Januari 2025 Goma inajua maana ya milango ya benki kufungwa.

Akina baba hawaji kwenye vikao. Wanapatikana Jumapili alasiri, nyumbani, wawili wawili, bila kiti cha mbele.

Shule

Nenda na mzazi, usiende badala yake. Shule ya msingi ya serikali haina karo tangu 2019, na matokeo yake unayaona darasani: benchi moja, watoto watano. Mwalimu huyo hahitaji semina, anahitaji nusu ukurasa wenye maagizo matatu anayoweza kuyafuata kesho. Kwa mfano: akae mbele, mbali na mlango, apewe agizo moja kwa wakati mmoja, akiinua kadi nyekundu atoke nje dakika 5 kisha arudi. Mwenye disleksia asisomeshwe kwa sauti mbele ya wote na aulizwe kwa mdomo. Asiyetulia apewe kazi ya kufuta ubao na kubeba madaftari. Rudi baada ya wiki 2 na tena baada ya mwezi. Mwalimu aliyetembelewa mara moja anajiona amehukumiwa.

Neno "mulozi" (mchawi) likitajwa

Litatajwa. Katiba ya 2006, ibara ya 41, na sheria ya ulinzi wa mtoto namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ibara ya 160, zinakataza kumshtaki mtoto uchawi. Adhabu ni kifungo cha mwaka 1 hadi 3 pamoja na faini. Ijue, lakini usiitoe kama panga siku ya kwanza, maana familia itafunga mlango na mtoto atabaki ndani.

Angalia kwanza mwili: makovu ya moto, pilipili machoni, kamba mikononi, kukonda kwa mfungo. Kukiwa na dalili yoyote kati ya hizo, hakuna tena mazungumzo ya polepole. Mratibu wa ulinzi wa watoto aarifiwe siku hiyo hiyo, mtoto aende hospitali, na ofisi ya mambo ya jamii ipewe taarifa ya maandishi. Usiende kumkabili pasta peke yako.

Ikiwa ni maneno tu, mwombe mama ruhusa ya kumwona pasta, uende na mtu wa kanisa lake. Usibishane kuhusu roho. Eleza kifafa ni nini, omba mambo mawili mahususi: mtoto asifungishwe chakula wala dawa, na maombi yafanyike mama akiwepo, mlango wazi. Wapo wachungaji wanaokubali wakiulizwa kwa heshima, na mmoja akilisema jambo hilo mimbarini anafanya kazi ambayo ziara zako 20 hazingeifanya.

Watu wazima

Kijana wa miaka 19 mwenye usonji asifundishwe kwa kadi za watoto. Mtafutieni kazi yenye hatua zilezile kila siku: kupanga chupa, kupepeta maharagwe, kupiga pasi, kuosha pikipiki. Mwenye karakana akubaliane kwa maandishi kuhusu saa, malipo na mtu mmoja wa kumwelekeza. Anza saa 2 kwa siku. Malipo yawe mkononi mwake, hata kama ni 1,000 FC, na si kwa mjomba.

Idadi na kufunga faili

Mhudumu mmoja, familia 12 hadi 15. Zaidi ya hapo ziara zinageuka salamu. Kila juma saa moja na msimamizi, mkiwa na madaftari mezani.

Familia ikifikia malengo yake mawili au matatu, punguza ziara kutoka kila juma hadi kila wiki 2, halafu mwezi, halafu simu. Tarehe ya ziara ya mwisho itajwe miezi 2 kabla, mbele ya nyanya. Siku hiyo mama ndiye aonyeshe: atoe kadi, apige hesabu za vidole, aeleze dawa inatolewa saa ngapi na nani anaitoa asipokuwepo. Pale anapokwama, usimsaidie mara moja. Andika, ndiyo kazi ya ziara moja ya nyongeza. Faili liandikwe tarehe ya kufungwa, dawa na kipimo chake, shule na darasa, jina la jirani anayemrudisha akitoroka, kisha lirudi kwenye kabati lenye kufuli. Daftari la safu tatu halirudi ofisini. Linabaki kwa mama.